Nafasi ya Milimita Kumi na Mbili

Ukifika Ukerewe ukamtaja fundi seremala wa Mkolani, utaambiwa ndiye aliyemfungia askofu kanisani. Watakuambia hivyo hata watu ambao siku ile hawakuwepo, tena watakuonyesha kwa mikono jinsi askofu alivyopita dirishani. Mimi nilikuwepo. Nilituhesabu tuliofungiwa, tukawa mia na arobaini na tatu. Nikarudia, tukawa mia na arobaini na nne, maana mara ya kwanza nilijisahau. Hesabu ya pili ndiyo ya kweli, na katika habari hii nzima nitajitahidi nisijisahau tena.

Jina lake sitalitaja. Pale Mkolani, pembeni mwa mji wa Mwanza, tulimwita Fundi tu. Walikuwepo mafundi wa baiskeli, wa redio, wa cherehani, na wote hao walihitaji neno la pili ili waeleweke. Yeye hakulihitaji. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kila sikio lake lilibeba penseli. Ya kushoto ilikuwa ya kuchorea mbao, ya kulia ya kuandikia kwenye daftari. Siku moja niliiazima ile ya kulia nikachora alama kwenye ubao. Akaitazama kama mtu aliyekuta mswaki wake mdomoni mwa jirani.

Mimi nilikuwa muuza mbao. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachwa huru, kila mtu na duka lake, kila duka na baa yake ubavuni, na viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimewatia watu wa ziwani hamu ya kujenga. Hakuna aliyekuwa na subira ya kungoja mti ukauke. Mninga ulikatwa porini huko Tabora Jumatatu, Alhamisi uko kwenye lori, Jumapili yake watu wanaupigia hodi.

Mara ya kwanza nilimpelekea mbao ishirini. Alichukua moja, akaipima uzito kwa mikono, akaigonga kwa kucha, akaitegea sikio.

"Shikamoo, Fundi. Mninga safi huo, haujaguswa na mdudu."

"Marahaba. Mninga ni kiasi gani hapa?"

"Mbao ishirini. Nimehesabu mara mbili."

"Sikuulizi mbao, nakuuliza mninga. Hapa naona mninga na maji. Maji ni kiasi gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nikitaka maji, kijana, ziwa liko pale chini, tena silipii. Toa maji yako, tupatane bei ya mninga."

Nimepatana bei na wauza ng'ombe wa Magu, nimepatana na akina mama wa dagaa wa Kirumba, ambao hawajui huruma. Sikuwahi kukutana na mtu anayetaka apunguziwe maji. Nikamwambia athibitishe. Kumbe hilo ndilo alilolitaka tangu asubuhi.

Akakata kipande kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, kwa sababu alisema ncha ya ubao ni mwongo, hukauka kabla ya katikati. Akakiweka kwenye mizani ndogo ya kupimia dhahabu, aliyoiazima kwa mnunuzi mmoja wa Geita na kusahau kuirudisha. Gramu sitini. Kisha tukavuka barabara hadi kwa jirani mwoka mikate, kipande kikaingia tanurini kando ya mikate. Mwoka mikate alilalamika, kama alivyokuwa akilalamika kila wiki, kwamba wateja wanamuuliza kwa nini mkate wake unanuka kabati. Kipande kilitolewa, kikapimwa, kikarudishwa, kikatolewa tena, mpaka uzito ulipogoma kushuka. Gramu hamsini.

"Kumi za maji juu ya hamsini za mti," Fundi akasema. "Asilimia ishirini. Kati ya mbao zako ishirini, tatu na kipande ni ziwa."

Nilipiga hesabu njiani, nikairudia nyumbani. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Kesho yake tukapatana kwa bei ya mbao kumi na saba. Akazipanga moja juu ya nyingine, kati yake akaweka fito upepo upite, akaziacha. Miezi mitatu nilipita pale nikaziona zimelala tu kama wastaafu.

"Mgeni siku ya tatu mpe jembe," alipenda kusema. "Mbao mwezi wa tatu mpe randa."

Elimu yake ilikuwa fupi, unaweza kuimaliza ukiwa umesimama. Mbao hukauka, lakini haiachi kunywa. Masika hunywa hewa mbichi ikapanuka, kiangazi huitema ikasinyaa, na itafanya hivyo hata ikiwa na miaka mia na vanishi juu yake. Mninga wenye upana wa mita moja hutembea milimita moja kwa kila asilimia moja ya unyevu. Kwa urefu hausogei. "Urefu ukishaupata umeupata," alisema. "Upana ndio unaosumbua. Kama sisi." Akalitazama tumbo langu, lililokuwa limenufaika na ruksa.

Ili ajue kila mahali pananywa kiasi gani, alining'iniza vipande vya mninga kwa kamba kwenye nyumba za watu: Mkolani, ng'ambo Sengerema, kule Nansio. Mara mbili kwa mwaka alipanda kivuko na mizani yake kwenda kuvipima. Watu waliogopa mwanzoni. Mtu hakujui, anakuja na kijiti, anakitundika juu ya mlango wako, anaondoka bila kudai kitu. Wewe ungefikiri nini? Lakini bibi mmoja wa Sengerema alikataa kukirudisha chake, akidai tangu kitundikwe kuku wake wanataga vizuri. Nililiona daftari kwa macho yangu. Limeandikwa: "Sengerema, kiangazi, tisa. Kuku: vizuri."

Hakuwa mtu wa kuchekesha, ndiyo maana tulimcheka sana. Familia moja ilikuja kuchukua jeneza, mtoto mkubwa wa marehemu akaona kifuniko hakikukaza.

"Fundi, mbona kina nafasi?"

"Kitapanuka. Kule chini unyevu ni mwingi kuliko Nansio."

"Sasa nani atakwenda kukagua?"

"Hakuna. Ndiyo maana nakagua sasa."

Mwaka ambao makabati ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi yalianza kuja kwa makontena, mwalimu mmoja alinunua lake, jeupe, linang'aa, na kioo katikati. Masika ya kwanza likaumuka kama andazi. Alilileta kwa mkokoteni, akaomba Fundi alipigie hesabu, ajue litarudi lini. Fundi alibofya pembe, kidole kikazama.

"Mwalimu, huu ni ugali. Ugali hauna hesabu. Kaule ungali moto."

Sasa, mtu kama huyo ungetegemea awe sahihi katika mambo yote. La hasha. Siku zilimshinda kabisa. Alikuambia "Njoo Jumanne," na hukuweza kumlaumu, maana hakusema ipi. Alikula mapanki, yale mabaki ya sangara aliyekwisha kutolewa minofu, kila mchana, na kila mchana mwiba ulimkwama kooni, na kila mchana alishangaa. Na nyumbani kwake, mlango wa mbele ulikuwa wa bati. Nilipomuuliza, alijibu kwamba kutwa nzima anahangaika na mbao, jioni anataka kitu kisichomuuliza maswali.

Kazi zake nyingi zilitoka Ukerewe. Watu wa kisiwani wanajua mlango uliovimba ni nini, na walimheshimu. Ndipo kanisa moja, mwendo mfupi kwa baiskeli kutoka Nansio, likamwagiza mlango mkubwa wa pande mbili. Mimi ndiye niliyempatia kazi hiyo. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa mzee mmoja mwenye kofia na msimamo, na alikuwa na binti. Mwezi wa sita, mlango ukiwa bado karakanani, nilipeleka posa, na hadi unakamilika nilikuwa sijapata jibu.

Fundi aliutengeneza kwa miezi mitano. Mbao pana zilizosimama wima, upana wa mita moja na sentimita sitini kwa ujumla. Kutoka kiangazi hadi masika ya kisiwani aliweka asilimia tano, hivyo mlango ungepanuka milimita nane. Akaacha kumi na mbili, zile nne za ziada kwa ajili ya bawaba na kwa ajili ya Mungu. Siku ya kuupeleka, mwezi wa nane, malaria ikamlaza. Nikaupeleka mimi. Akanipa karatasi: "Katikati mm 12. Usiguse."

Tukaufunga. Ukakaa vizuri. Mwenyekiti akaja, akarudi nyuma hatua tano, akaukunjia uso.

"Kijana, hili ni kanisa au chujio?"

"Mzee, Fundi ameacha nafasi kwa makusudi. Masika mlango utapanuka."

"Amekusudia tusali huku tunaona mitumbwi inapita?"

"Ni hesabu, mzee."

"Nami nina hesabu zangu," akasema, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko mlango ulivyostahili.

Nilijua ninachofanya? Nilijua. Nilihesabu mara mbili: kumi na mbili kutoa kumi, zinabaki mbili, mlango utapanuka nane. Nilihesabu vizuri kabisa, kisha nikajiambia huenda mwaka huo mvua isinyeshe. Nikaranda ufito wa mninga wa milimita kumi, nikaupigilia kwenye ukingo wa upande wa kulia kwa gundi na misumari, nikaupaka vanishi. Ulipendeza. Mwenyekiti akajaribu kupitisha sarafu, ikapita kwa shida.

"Huyu sasa ndiye fundi," akasema. Mwezi haukuisha, nikaambiwa posa imekubaliwa.

Miezi iliyofuata mlango ulikaa wazi usiku na mchana, mafundi wa lipu na rangi wakiingia na kutoka. Hakuna aliyeufunga. Ulikuwa unakunywa kimyakimya. Siku ya kuwekwa wakfu, mwezi wa nne, askofu akiwa katikati ya mahubiri, mvua ikaja kutoka ziwani ikiwa imelala ubavu. Wahudumu wanne wakakimbilia mlango. Ukagoma. Wakaweka mabega. Ukaingia kwa mlio ambao sijausahau, kama jino linalorudishwa mahali pake.

Ibada ikaisha. Mlango ule ulifungukia ndani, kwa hiyo wakati wa kufunga waliusukuma wanaume wanne, na wakati wa kufungua palikuwa na kitasa kimoja cha kuvuta. Kikavutwa. Kikatoka. Mhudumu akabaki amekishika, anakitazama, kisha akakificha mfukoni, kana kwamba hilo lingesaidia.

Tukatoka dirishani. Askofu alipandishwa juu ya benchi na joho lake lote, akapokelewa nje na wanaume watatu. Alikuwa mtu mwema; alisema hata Paulo aliteremshwa dirishani. Lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye mvua bila kofia.

"Nani ametengeneza mlango huu?" akauliza, ingawa alijua.

"Fundi wa Mkolani," mtu akajibu. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nilinyamaza.

Upande wa kulia waling'oa bawaba zake, wakauegemeza nyuma ya kanisa chini ya paa, wakatundika pazia. Kamati ikatuma wazee wawili Mkolani kulalamika. Waliporudi walisema Fundi amewasikiliza, akauliza swali moja, akawaambia "Poleni sana," basi. Hakujitetea. Kisiwani asiyejitetea amekiri.

Kazi za Ukerewe zikakatika kama maji ya bomba. Baadaye na za mjini. Watu wakipita karakanani walimtania, "Fundi, usitufungie!" Milango ikawa inanunuliwa kwa vijana wa Mabatini waliopigilia mti ukiwa bado unalia maji. Yeye akabaki na vigoda na meza za kuuzia nyanya. Mimi niliendelea kumpelekea mbao, na siku moja nikagundua kwamba hajapima maji yangu.

"Fundi, leo hupimi?"

"Ya nini? Nyanya hazijali."

Sikuwahi kuuza kwa bei nzuri kama siku ile, na sikuwahi kurudi nyumbani mnyonge namna ile. Mke wangu akaniuliza kama nimeibiwa.

Ikapita miaka minne. Sina sifa ya kuieleza, kwa hiyo naieleza kwa namba: nilikwenda kwa Fundi zaidi ya mara mia, na kila mara nilikuwa na sentensi moja mdomoni, na kila mara nilirudi nayo.

Kisha akaniita. Nilimkuta ametandika gunia chini, juu yake randa tatu, misumeno, patasi kwa ukubwa, na ile mizani ya dhahabu.

"Wewe unajua bei," akasema. "Nitajie ya vyote. Usinionee huruma."

"Unauza randa, Fundi?"

"Kigoda hakihitaji randa tatu. Nimepata mtu wa Buzuruga, ana duka la mitumba, anataka mlinzi mtu mzima. Taja bei."

Nimezaliwa nikipatana bei, lakini sikupata namba hata moja. Nikakaa chini kwenye takataka za randa.

"Fundi, mlango wa kanisa..."

"Milimita kumi," akasema.

"Nini?"

"Ufito ulioongeza. Au ni kumi na moja?"

"Kumi," nikasema. "Nani alikuambia?"

"Wale wazee wawili. Niliwauliza swali moja tu: siku ulipofungwa ulikuwaje? Wakasema ulikuwa mzuri sana, hata sarafu ilipita kwa shida. Unene wa sarafu ni milimita mbili. Mimi niliacha kumi na mbili. Kiangazi, mlango mkavu, kumi zimekwenda wapi? Mbao hainywi kumi siku moja. Aliyekuwepo ni wewe."

"Ulijua! Miaka minne! Kwa nini hukuwaambia?"

Akaichukua patasi moja, akaifuta kwa kidole gumba.

"Ulikuwa umeposa kwa yule mzee. Ningesema siku ile, angekufukuza na posa yako. Mlango unaweza kurekebishwa mwaka wowote. Nikasema nikuache ukauke, utasema mwenyewe."

"Ulidhani nitachukua muda gani?"

"Niliweka miaka miwili," akasema. "Kwako nilikosea hesabu."

Jumapili iliyofuata tulipanda meli ya asubuhi kwenda Nansio, mimi, mke wangu, na Fundi, aliyekataa kuja mpaka nilipombebea mfuko wa zana. Njiani nilimweleza mke wangu kila kitu. Tukafika gatini. Pale aliniambia, "Utasema kwa sauti. Usije ukanong'ona."

Yalipofika matangazo, nikainuka. Pazia la mlangoni lilikuwa linapepea nyuma yangu.

"Wapendwa, mlango wetu haukuharibiwa na Fundi. Fundi aliacha nafasi, mimi nikaiziba kwa ufito. Niliambiwa nisiguse, nikagusa. Aliyemfungia askofu ni mimi."

Mama mmoja upande wa wanawake akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga, ikawa mbaya zaidi, benchi zima likatikisika. Baba mkwe akainuka taratibu.

"Ulifanya hivyo kwa nini?"

"Ulisema ni chujio, baba. Nami nilitaka unipe binti."

"Nilikuwa nimekwisha kukubali tangu mwezi wa saba," akasema. "Nilikuwa namngoja mjomba wake arudi kutoka Musoma."

Hapo hata wanaume wakaanguka kwa kicheko.

Baada ya ibada ule upande wa kulia ukaletwa mbele, na buibui wake wote. Nikaupiga patasi ufito mbele ya watu, ukatoka vipande vitatu na misumari kumi na minne. Fundi akarudisha bawaba, akalainisha ukingo, akautundika. Mlango ukafunga. Ilikuwa masika, umevimba kadiri utakavyovimba, na bado katikati ulibaki mstari wa mwanga. Watoto wakausukuma, ukafunguka, wakaufunga, wakaufungua tena.

Baba mkwe aliinama, akaweka jicho kwenye ule mstari, akatazama ziwa kwa muda. Kisha akainuka, akavua kofia, akamgeukia Fundi, ambaye kwa miaka minne alikuwa akimwita "yule wa Mkolani."

"Fundi, nilikukosea. Nilitangaza jina lako vibaya kisiwa kizima. Nitalitangaza upya, lakini maneno ya mzee hayatoshi. Nyumbani kwangu mlango wa mbele umechoka. Nitengenezee mwingine, watu wauone."

"Nitatengeneza," Fundi akasema. "Utaona mwanga katikati."

"Acha kiasi unachotaka wewe."

Nikaona hapo pana nafasi yangu ya kurudi katika neema. "Basi baba," nikasema, "ukiwa tayari nitauleta mimi. Lori ninalo, mahali napajua..."

Baba mkwe akanitazama, akarudisha kofia kichwani.

"Wewe utamuuzia mbao, basi. Mlango ataleta mwenyewe, ataufunga mwenyewe, na siku hiyo wewe utakaa Mwanza."

"Ndiyo, baba," nikasema.